Jinsi Skripti Inavyoipima Mashine Kabla ya Kujenga Programu

Yeyote aliyewahi kujenga programu huria kutoka kwenye msimbo wake anaijua ile mistari. Umepakua kifurushi, umekifungua, umeingia kwenye saraka yake na kuandika `./configure`. Skrini inaanza kumwaga maneno:

checking for gcc... gcc
checking whether the C compiler works... yes
checking for zlib.h... yes
checking for deflate in -lz... yes

Mistari inapita kwa kasi na wengi husubiri tu iishe. Ni hasara, kwa sababu kila mmoja ni ripoti ya jaribio lililofanyika papo hapo, ndani ya mashine yako, kwa vifaa vyako. Skripti imejiuliza swali, ikaandika programu ndogo ya kulijibu, ikajaribu kuijenga, ikaangalia kilichotokea, ikafuta mabaki na kwenda kwenye swali linalofuata. Tufuatilie jaribio moja, hilo la `deflate`, tangu mwanzo hadi mwisho. Tukishalielewa, tutaona kwa nini jibu la `no` linahitaji kuchunguzwa zaidi kuliko jibu la `yes`.

Kwanza, maktaba ni nini kwa kompyuta? Anayeandika programu ya kuhifadhi picha haanzi kubuni upya namna ya kubana data. Kazi hiyo ilishafanywa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, waliotoa maktaba ya zlib mwaka 1995, na ndani yake imo funksheni iitwayo `deflate`. Mwandishi wa programu anaiita kwa jina, nayo inafanya kazi.

Lakini maktaba ya lugha ya C huja katika vipande viwili, na vipande hivyo hukaa mahali tofauti kwenye diski. Cha kwanza ni tamko: faili la maandishi la `zlib.h`, ambalo kwa kawaida liko ndani ya `/usr/include`, linaloeleza kwamba iko funksheni ya jina hili, inapokea hiki na kurudisha kile. Cha pili ni mwili wenyewe, ambao umeshageuzwa kuwa lugha ya mashine na kuwekwa kwenye faili linaloanza na `libz`, mahali fulani chini ya `/usr/lib`.

Vipande ni viwili kwa sababu ujenzi wenyewe una hatua mbili. Kompaila husoma msimbo wako pamoja na tamko. Ikikuta umeita `deflate`, haiendi kuutafuta mwili. Inaacha pengo na kuweka alama kwamba hapa pataingia anwani ya kitu kiitwacho `deflate`. Baada ya kompaila hufuata kiunganishi. Hicho hufungua maktaba ulizotaja, hupekua jedwali la majina lililomo ndani ya kila moja, na kikiliona jina kinajaza pengo. Kikilikosa kinagoma na kuandika `undefined reference to 'deflate'`.

Hapa kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: katika C, kiunganishi kinatazama jina tu. Hakijui funksheni inapokea nini wala inarudisha nini. Jina likifanana, kimeridhika. Jaribio zima limesimama juu ya tabia hiyo.

Sasa, kwa nini skripti isiulize tu mashine inaitwaje, kisha ikaamua kutokana na jina? Ndivyo watu walivyofanya zamani. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na Unix za kila aina: SunOS ya Sun, AIX ya IBM, HP-UX ya Hewlett-Packard, Ultrix ya DEC, BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zilifanana kwa sura na kutofautiana katika mambo madogo yanayouma. Funksheni ya kutafuta herufi ndani ya maneno iliitwa `index` kwa watu wa BSD na `strchr` kwa watu wa System V, tawi jingine la Unix. Basi waandishi walijaza msimbo masharti: kama hii ni Sun fanya hivi, kama ni HP fanya vile. Kila mfumo mpya ulipotoka, masharti yaliongezeka, na kila mfumo wa zamani ulipofanyiwa marekebisho, baadhi ya masharti yaligeuka kuwa uongo bila mtu kujua.

Mwaka 1991 David MacKenzie alikuwa akitunza programu kadhaa za mradi wa GNU, zikiwemo zile za kunakili na kuorodhesha mafaili zilizoitwa fileutils. Aliyetaka kuzijenga alilazimika kuhariri faili la maelekezo kwa mkono na kuchagua kati ya vipengele takriban 20 kulingana na mashine yake. Mzigo huo ulimwangukia hata MacKenzie mwenyewe, kwa kuwa kila toleo alilijaribu kwenye mashine nyingi. Akaandika skripti fupi ya kukisia baadhi ya majibu, akaitoa pamoja na fileutils 2.0. Kutoka hapo ikakua Autoconf, programu inayotunga skripti za `configure` kwa kutumia lugha ya makro ya M4, kazi ya Brian Kernighan na Dennis Ritchie ya mwaka 1977. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivi. Larry Wall, aliyekuja kubuni Perl, alishakuwa na skripti yake iliyoitwa Configure, ila hiyo ilikuwa na maswali mengi kwa mtumiaji. Skripti ya MacKenzie haikumsumbua mtu. Ilijaribu yenyewe.

Usifikiri kwamba shida ya majina imekwisha kwa kuwa siku hizi karibu kila seva ni Linux. Jina la Linux halikuambii mengi. Debian inatumia maktaba ya msingi ya glibc, Alpine inatumia musl, na hizo mbili hazilingani kwa kila kitu. Hata ndani ya glibc mambo huhama. Funksheni ya `dlopen`, inayopakia maktaba wakati programu inaendelea kufanya kazi, ilikaa miaka mingi kwenye maktaba yake ya pekee iitwayo libdl. Agosti 2021, glibc 2.34 ikaihamishia kwenye libc. Kwenye musl iko ndani ya libc siku zote. Skripti nzuri haihitaji kuijua historia yote hiyo. Inajaribu kwanza bila kutaja maktaba yoyote ya ziada. Ikishindwa, inajaribu tena kwa kuongeza `-ldl`. Iliyofaulu ndiyo inayotumika.

Turudi kwenye jaribio letu. Skripti inapofika kwenye mstari wa `checking for deflate in -lz`, inaandika faili liitwalo `conftest.c`. Kiini chake ni hiki:

char deflate ();
int main (void)
{
return deflate ();
}

Kisha inaita kompaila kwa amri kama `gcc -o conftest conftest.c -lz`. Hiyo `-lz` maana yake ni: tafuta faili la `libz`.

Itazame programu hii kwa makini. Mstari wa kwanza unasema uongo. `deflate` halisi inapokea vitu viwili na inarudisha `int`. Hapa imetangazwa kana kwamba haijulikani inapokea nini na kwamba inarudisha `char`. Tena faili halijaita `zlib.h` kabisa. Programu hii ikiendeshwa inaweza kuanguka vibaya. Lakini haitaendeshwa. Skripti haitaki kubana data. Inataka kujua jambo moja, kama kiunganishi kitalipata jina `deflate` ndani ya libz. Na kwa kuwa kiunganishi kinatazama jina tu, tamko la uongo halimsumbui mtu.

Kwa nini basi wasiandike `int`, walau iwe karibu na ukweli? Kompaila ya GCC inazijua funksheni nyingi za kawaida kwa kichwa, pamoja na aina ya vitu zinavyopokea. Ukiitangaza mojawapo kwa aina ya marejesho inayolingana na ile inayoijua, inaweza kushikilia kanuni zake zote na kukukatalia kwa kuwa hukuipa vitu vyake. `char` ilichaguliwa kwa sababu ni vigumu kulingana na funksheni yoyote kati ya hizo. Napenda sana uamuzi huu. Ni mtu aliyefikiri mpaka mwisho kuhusu kitu ambacho karibu hakuna atakayekiona.

Kompaila ikimaliza inarudisha namba: sifuri kama imefaulu, nyingine kama imeshindwa. Sifuri ikirudi, skripti inachapa `yes`, inaandika `#define HAVE_LIBZ 1` mahali ambapo msimbo wa programu utapasoma, na inaiongeza `-lz` kwenye orodha ya maktaba za kuunganisha. Ikirudi namba nyingine, inachapa `no`. Faili la `conftest.c` linafutwa.

Sasa tunaweza kuitatua kero inayowachosha wanafunzi wengi. Umehakikisha zlib ipo kwenye mashine, programu kadhaa zinaitumia kila siku, lakini `configure` inasema `no`. Skripti haijakosea. Programu iliyokwisha kujengwa, inapoanza kazi, hutafuta faili la `libz.so.1`, lenye namba mwishoni. Kiunganishi, kinapojenga programu mpya, hutafuta `libz.so` bila namba, kikikosa hutafuta `libz.a`. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha `zlib1g` kina lile la namba tu. Lile lisilo na namba, pamoja na `zlib.h`, yamo kwenye kifurushi kingine, `zlib1g-dev`. Kwenye familia ya Fedora vifurushi vya namna hiyo huishia na `-devel`. Mtumiaji wa kawaida hahitaji kujenga chochote, kwa hiyo hapewi. Mashine yako ina maktaba ya kuendeshea, haina ya kujengea, na swali la skripti lilikuwa juu ya kujengea.

Vipo vitu ambavyo kiunganishi hakiwezi kuvijibu, kwa mfano aina ya `long` inachukua baiti ngapi. Njia rahisi ni kujenga programu inayochapa jibu, uiendeshe na kusoma. Lakini tuseme unatumia kompyuta ya kawaida kujenga programu ya kipanga njia au simu yenye prosesa ya ARM. Programu utakayoijenga haiwezi kuendeshwa hapo ulipo. Utapimaje kitu usichoweza kukiendesha?

Autoconf ina jibu zuri kwa hili. Inaandika mstari unaofanana na huu:

static int test_array [1 - 2 * !(sizeof (long) <= 7)];

Katika C, alama ya `!` hugeuza kweli kuwa 0 na uongo kuwa 1. Kama `long` ina baiti 7 au chini yake, hesabu ndani ya mabano ya mraba inatoa 1, na safu ya kitu kimoja ni halali. Kama inazidi 7, hesabu inatoa hasi 1. Safu yenye ukubwa hasi ni haramu, na kompaila inakataa. Kukataa kwake ndiko jibu. Skripti inaanza na 0, kisha 1, 3, 7, 15, mpaka ikubaliwe, halafu inarudi nyuma kwa kugawa masafa katikati. Kwa `long` ya baiti 8, itakataliwa kwenye 0, 1, 3 na 7, itakubaliwa kwenye 15, kisha 11, kisha 9, kisha 8. Kwa kuwa ilishajua kwamba jibu linazidi 7, jibu ni 8. Kompaila imetoa namba bila programu hata moja kuendeshwa.

Majaribio yote haya yanategemea kitu kimoja: kushindwa kwa kompaila kunasomwa kama jibu. Nguvu ya njia hii imo humo, na udhaifu wake umo humo humo. Ukipiga hodi kwenye nyumba usijibiwe, huenda hayumo mtu, huenda wamelala, huenda umegonga mlango usiotumika. Skripti haitofautishi. Kila kimya kwake ni `no`.

Mwaka 2023 na 2024 jambo hili lilijitokeza waziwazi. Tangu zamani kompaila za C zilivumilia mtu akiita funksheni ambayo hajaitangaza. Zilitoa onyo na kuendelea. Clang 16 iliyotoka Machi 2023, kisha GCC 14 ya Mei 2024, ziliacha uvumilivu huo na kuliita kosa. Ni uamuzi sahihi, maana tabia ile ilizaa hitilafu nyingi. Lakini skripti za zamani zilikuwa zimejaa programu ndogo zilizoandikwa haraka, zinazoita `exit` bila kuitangaza. Chini ya kompaila mpya, programu hizo zilikataliwa kwa sababu ya uandishi wake, wala si kwa sababu maktaba haikuwepo. Skripti ikachapa `no` na kusonga mbele. Programu ikajengwa pungufu, bila kosa lolote kwenye skrini. Watunzaji wa Fedora na Gentoo walipitia vifurushi vingi kusaka majaribio yaliyobadilika jibu kimyakimya.

Hiyo ilikuwa bahati mbaya. Mwezi Februari 2024 mtu alifanya jambo kama hilo kwa makusudi. Katika xz, programu ya kubana data inayopatikana karibu kwenye kila Linux, palikuwa na jaribio la kuangalia kama mfumo una Landlock, kinga ya kerneli inayoizuia programu kugusa mafaili isiyoyahitaji. Jaribio hilo liliandikwa kwa CMake, mfumo mwingine wa ujenzi unaofuata kanuni ileile: andika programu ndogo, jaribu kuijenga. Katikati ya programu hiyo, kati ya mistari ya matamko na mstari wa `void my_sandbox(void)`, paliwekwa nukta moja peke yake kwenye mstari. Nukta hiyo si C halali. Kompaila yoyote, kwenye mashine yoyote, ingeikataa. Kwa aliyejenga kwa CMake, jibu lilikuwa `no` daima, na kinga haikuwashwa kamwe. Ukisoma mabadiliko yale kwenye skrini, nukta inaonekana kama uchafu.

Mkono uliohusika ulikuwa uleule ulioingiza mlango wa siri kwenye matoleo ya xz 5.6.0 na 5.6.1, nao pia ulipita kwenye vifaa vya ujenzi: faili la makro za M4 lililobadilishwa ndani ya vifurushi vilivyosambazwa, ambalo halikuwemo kwenye hazina ya msimbo. Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, ndiye aliyeufichua tarehe 29 Machi 2024 baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwa SSH kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Huenda aliyepanga shambulio alichagua sehemu hii kwa sababu alijua watu wanasoma msimbo wa programu, na skripti ya `configure` yenye maelfu ya mistari haisomwi na mtu.

Iko njia nyingine isiyotumia majaribio, nayo ni pkg-config. Maktaba inapowekwa kwenye mashine huacha faili dogo, kwa zlib ni `zlib.pc`, linaloeleza toleo lake, tamko lake liko wapi na kiunganishi kiambiwe nini. Skripti inasoma tu. Ni haraka, na inalijua toleo, jambo ambalo jaribio la jina haliwezi. Miradi mingi ya leo inaanza hapo, na mfumo wa ujenzi wa Meson huitazama kabla ya njia nyingine. Lakini faili hilo ni maelezo ya mtu. Likiwa limebaki baada ya maktaba kuondolewa, au likielekeza kwenye saraka isiyo sahihi, pkg-config italisoma bila wasiwasi. Kwa maoni yangu mradi makini unazitumia zote mbili: usome maelezo, kisha ujenge programu ndogo kuyathibitisha.

Gharama ya `no` isiyosomwa naijua vizuri kwa sababu huonekana kila mara watu wanapojenga Python wenyewe. Bila mafaili ya kujengea ya OpenSSL, maktaba ya mawasiliano salama ya mtandao, Python inajengwa vizuri kabisa hadi mwisho. Karibu na mwisho zinachapwa taarifa chache kwamba moduli kadhaa hazikuweza kujengwa, na `_ssl` imo. Mtu hazisomi. Siku anapojaribu kuongeza kifurushi kwa `pip`, inakataa kuunganika na mtandao, na anadhani tatizo ni intaneti yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na `no` usiyoitarajia, usianze kusakinisha vitu ovyo. Fungua faili la `config.log` kwenye saraka hiyohiyo. Tafuta mstari wa `checking for` unaohusika. Chini yake utakuta amri kamili iliyopewa kompaila, kosa lililotoka, na programu ndogo iliyoshindwa, herufi kwa herufi. Likisema `cannot find -lz`, huna kifurushi cha kujengea. Likitaja tamko lisilokuwepo au alama isiyoeleweka, jaribio lenyewe ni bovu na maktaba yako haina kosa. Na kama maktaba ni ya lazima kwako, usiiachie skripti ibahatishe: katika miradi mingi unaweza kutamka `--with-zlib` au chaguo linalofanana nalo, ili ikikosekana ujenzi usimame palepale na kukueleza sababu.